Ushahidi Uko Wapi?

Mwaka 2010, mwaka ule ule niliostaafu, nilifuatana na mahujaji wa usharika wetu kwenda Nchi Takatifu kwa kupitia Misri. Siku ya pili tukiwa Cairo tulipelekwa Fustat, mji wa kale, tukaingizwa katika sinagogi la Ben Ezra. Humo hamna tena ibada za kawaida, maana Wayahudi wa Misri karibu wote waliondoka katika karne ya 20, na jengo limebaki kuwa mahali pa kutazamwa. Tulipewa dakika ishirini. Kiongozi wetu, kijana wa Kimisri mwenye adabu nyingi, alitueleza kwamba kwa mapokeo ya wenyeji ndipo hapo mtoto Musa alipookotwa katika kisafina.

Nikanyosha mkono kama mwanafunzi, nikauliza, "Ushahidi uko wapi?"

Wenzangu wakacheka, kwa sababu baadhi yao niliwahi kuwafundisha na swali lile walilifahamu. Kijana hakukasirika. Akasema, "Mzee, mimi sikuwepo. Lakini kama unapenda karatasi, hapa zimetoka nyingi." Akatuonyesha juu, mwisho wa roshani ya wanawake, akasema huko kulikuwa na chumba kisichokuwa na mlango ila tundu ukutani, na mtu alipanda ngazi kutumbukiza karatasi. Tulipotaka kuuliza zaidi, muda ukawa umekwisha. Tukarudi kwenye gari.

Jibu lile lilinikaa moyoni. Baadaye nilisoma nikafahamu kwamba chumba kile kinaitwa geniza. Ni desturi ya Wayahudi kutotupa ovyo karatasi yenye jina la Mungu. Huihifadhi mpaka izikwe. Watu wa Fustat hawakuzika, wala hawakuchagua sana. Waliweka humo vipande vya Maandiko, mikataba ya ndoa, barua za wafanyabiashara waliovuka Bahari ya Hindi, madeni, hata karatasi za watoto waliokuwa wakijifunza kuandika alfabeti. Mnamo 1896 na 1897 mwanachuoni Solomon Schechter alizihamishia Cambridge, Uingereza, na hesabu yake ni zaidi ya vipande 190,000. Karne nyingi za maisha ya watu wa kawaida zilisalimika kwa sababu hakuna aliyejipa madaraka ya kuamua karatasi ipi ina thamani na ipi haina.

Ni katika kusoma habari hizo nilipokutana na kitabu ninachotaka kukihakiki hapa. Mjukuu wangu alinitolea nakala yake kwenye karatasi, tafsiri ya Kiingereza ya Marcus Nathan Adler iliyochapishwa London mwaka 1907. Mwandishi wake ni Benjamin wa Tudela, Myahudi kutoka kaskazini mwa Hispania, aliyesafiri katika miaka ya 1160 na kurejea kwao mwaka 1173. Aliandika kwa Kiebrania, na kitabu kilipigwa chapa kwa mara ya kwanza Constantinople mwaka 1543. Kwa kuwa nilifundisha uhakiki kwa miaka mingi, nitafuata njia niliyoizoea: maudhui kwanza, kisha fani, kisha kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mwishoni nitasema jambo langu mwenyewe, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Dhamira ya kitabu ni rahisi kuieleza. Benjamin anakwenda mji hadi mji, anataja umbali wa safari, anahesabu Wayahudi anaowakuta, anataja majina ya viongozi wao, kisha anaonyesha makaburi na nyumba za sala. Msomaji wa leo angetazamia kwamba kilele cha safari ya Myahudi kingekuwa nchi ya baba zake. Anapita huko, ni kweli. Lakini nchi ilikuwa mikononi mwa Wapiganaji wa Msalaba, na watu wake mwenyewe anawakuta kwa kudokoa. Mjini Yafa anamkuta Myahudi mmoja tu, mtia rangi nguo. Yerusalemu, nakala nyingine zinasema Wayahudi 200 na nyingine zinasema 4, kwa sababu herufi za Kiebrania zinazowakilisha tarakimu hizo mbili zinafanana sana. Anapofika Baghdad mambo yanageuka: masinagogi 28, na katika nakala aliyoitumia Adler, watu wapatao 40,000. Kalamu yake inachangamka. Utakatifu mwingi anaousimulia kwa furaha uko nje ya nchi yao ya asili, penye watu wa kuutunza.

Nitachukua mifano mitatu.

Wa kwanza ni kaburi la nabii Ezekieli, kandokando ya Mto Frati, mahali paitwapo sasa al-Kifl, kusini mwa mji wa Hilla, Iraki. Biblia inatuambia kwamba Ezekieli alikuwa miongoni mwa waliochukuliwa mateka Babeli, akaona maono yake kando ya mto Kebari. Haituambii alizikwa wapi. Benjamin hana shaka. Anasema mbele ya sinagogi kuna minara 60, na kati ya mnara na mnara kuna kijisinagogi. Watu hutoka mbali kwenda kusali hapo tangu Mwaka Mpya wao mpaka Siku ya Upatanisho. Wakuu wao hushuka kutoka Baghdad na kupiga kambi uwandani. Wafanyabiashara wa Kiarabu nao huja, soko kubwa likafanyika. Ipo nyumba iliyojaa vitabu, na mtu asiye na mtoto wa kiume huvitoa vitabu vyake wakfu kwa nyumba hiyo. Waislamu wenye heshima zao nao huja kusali, kwa jinsi wanavyompenda nabii huyo. Ndugu zetu Waislamu watakumbuka jina la Dhulkifli katika Kurani. Wengi humhesabu kuwa ndiye Ezekieli, na mji ule umechukua jina lake.

Juu ya kaburi, anasema, kuna taa iwakayo usiku na mchana. Ezekieli mwenyewe ndiye aliyeiwasha, na tangu siku hiyo haijazimika. Watu hubadili utambi na kuongeza mafuta.

Mfano wa pili ni kaburi la Ezra, mwandishi na kuhani, karibu na mto katika sehemu za kusini za nchi hiyo hiyo. Kwa maelezo ya Benjamin, Ezra alifia hapo akiwa njiani kutoka Yerusalemu kwenda kwa mfalme Artashasta. Mwanahistoria wa kale, Josephus, alikuwa amesema Ezra alizikwa Yerusalemu. Benjamin hajishughulishi na mabishano hayo. Anasema tu kwamba upande mmoja wa kaburi Wayahudi wamejenga sinagogi kubwa, na upande wa pili Waislamu wamejenga nyumba yao ya sala, kwa mapenzi yao kwa Ezra.

Wa tatu ndio uliokaa nami zaidi. Huko Shushani, Uajemi, walikaa Wayahudi 7,000, wakiwa na masinagogi 14, na mbele ya mojawapo palikuwa na kaburi la Danieli. Mto uligawa mji. Upande mmoja walikaa matajiri wenye masoko na bidhaa, na kaburi lilikuwa kwao. Upande wa pili walikaa maskini, nao wakasema umaskini wao unatokana na kukosa jeneza la nabii. Wakaomba wapewe, wakanyimwa, vita vikazuka. Walipochoka kupigana wakapatana kwamba jeneza likae mwaka mmoja huku na mwaka mmoja kule. Ikawa hivyo mpaka sultani Sanjar alipopita, akaona watu wanavusha jeneza darajani, akauliza ni nini, akaambiwa. Akasema si heshima kumfanyia Danieli namna hiyo. Akaamuru wapime daraja toka ng'ambo hadi ng'ambo, na jeneza liwekwe ndani ya jeneza jingine la kioo, litundikwe kwa minyororo katikati kabisa. Akaamuru ijengwe nyumba ya sala kwa kila atakaye kuingia, Myahudi au asiye Myahudi, na tena samaki wasivuliwe mbele wala nyuma ya daraja kwa heshima ya nabii.

Sasa tuingie kwenye fani. Lazima nikiri kwamba kitabu hiki, kama kazi ya sanaa, kina upungufu mwingi. Lugha yake ni kavu kama daftari la mahudhurio. Mwandishi hasemi kwa nini aliondoka kwao, aliugua wapi, alimwacha nani nyumbani. Wahusika wake ni majina tu, na wanawake karibu hawamo kabisa. Hakuna jua kali, hakuna mguu uliochubuka. Msafiri aliyezunguka miaka kadhaa anatuachia kitabu ambacho hutakuta ndani yake hata usiku mmoja wa hofu.

Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba hatenganishi aliyoyaona na aliyoyasikia. Sultani Sanjar alifariki mwaka 1157, kabla ya safari ya Benjamin. Kwa hiyo kisa cha daraja ni cha kusimuliwa, na wataalamu wengi hudhani hakufika Uajemi hata kidogo. Hesabu zake za mbali zinatia shaka. Na ile taa, je? Tangu Ezekieli mpaka Benjamin ni zaidi ya miaka 1,700. Nani aliyekesha miaka yote hiyo akiitazama?

Katika maisha yangu ya kazi, ningeishia hapo. Ningeandika pembeni kwa wino mwekundu: ushahidi uko wapi? Lakini nilipoirudia habari ile ya taa mara ya tatu, nikaona kwamba nilikuwa naruka sentensi ya pili kila ninapoisoma ya kwanza. Kwamba Ezekieli aliiwasha, sina ushahidi. Kwamba kulikuwa na mtu aliyebadili utambi na kutia mafuta, huo ndio ushahidi wenyewe. Mafuta hayo yalinunuliwa kwa sadaka, na Benjamin anaeleza kwamba Wayahudi wa Uajemi walikuja na fedha zilizotolewa na wenzao huko walikotoka. Yeye alidhani anatuthibitishia habari za nabii. Kumbe alikuwa anatuthibitishia habari za watu.

Hapo ndipo ninapoona kufaulu kwake, tena kufaulu kukubwa. Kaburi la Danieli huenda ni la mtu mwingine. Lakini maskini wa ng'ambo ya mto, wanaoamini kwamba riziki imeegemea upande wa pili kwa sababu ya jeneza, hao siwezi kuwatilia shaka. Nimewaona katika vijiji nilivyofanyia kazi, wakigombania shule ijengwe upande gani wa korongo. Na hukumu ya Sanjar, iwe ilitolewa au ilitungwa, inatueleza walichokitamani watu wa Shushani: kitakatifu kisiwe cha upande mmoja. Kule kukavu kwa lugha nako kukaanza kunifaa. Mtu anayeandika umbali, idadi na jina la msimamizi hujui anajisikiaje, lakini miaka 850 baadaye unajua nani alikuwepo.

Hilo lina uzito wa pekee kwa sababu ya yaliyofuata. Wayahudi walikaa Iraki zaidi ya miaka 2,500. Kati ya 1950 na 1951, baada ya misukosuko na mateso ya miaka ile, zaidi ya 120,000 walipakiwa katika ndege wakapelekwa Israeli. Mpango huo uliitwa Ezra na Nehemia, kwa jina la yule yule ambaye Benjamin alilionyesha kaburi lake kando ya mto. Wenye kutia mafuta wakaondoka. Al-Kifl leo ni mahali pa ibada pa Waislamu wa Kishia, na ndani ya jengo, chini ya kuba, maandishi ya Kiebrania yangali ukutani. Shushani, mnara mweupe wa Danieli unasimama kando ya mto Shavur, na wanaoingia kwa wingi ni Waislamu wa Irani.

Kaskazini mwa Iraki, katika mji wa Wakristo uitwao Alqosh, lipo kaburi linaloitwa la nabii Nahumu, ambaye Benjamin anamtaja anapofika Mosul. Wayahudi walikuwa wakihiji huko kila mwaka. Walipoondoka, ufunguo waliuacha kwa familia moja ya Kikristo. Familia ile ikautunza, baba akamwachia mwana, ingawa kuta zilikuwa zinabomoka na wenyewe hawakurudi. Mwaka 2014, wapiganaji wa lile kundi lililojiita Dola la Kiislamu walilipua huko Mosul msikiti uliojengwa juu ya kaburi la nabii Yona, wakasogea hadi karibu na Alqosh, lakini hawakuuteka mji huo. Katika miaka iliyofuata kaburi la Nahumu likafanyiwa matengenezo makubwa, likasimama tena. Ukiuliza kama Nahumu yumo ndani, hutapata jibu. Ukiuliza ufunguo ulikuwa kwa nani, utaonyeshwa nyumba.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Mwaka 1984 nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu. Niliwapa wanachuo insha iliyoitwa "Historia ya mahali nitokapo". Mmoja wao, kijana wa pwani, mkimya, aliandika kurasa tisa juu ya kaburi moja la kijijini kwao, chini ya mkwaju karibu na ufuo. Watu walisema amezikwa humo mwanamke mcha Mungu aliyekuja kwa jahazi. Kijana yule aliandika nani hufagia pale kila Alhamisi jioni, na kwamba bibi huyo alirithi kazi hiyo kwa mama mkwe wake. Aliandika bei ya ubani. Aliandika wavuvi husimama wapi kabla ya kusukuma ngalawa, na akinamama wasiopata watoto hufunga nini kwenye tawi. Aliandika kwamba baada ya masika ya mwaka fulani ua ulianguka, na aliyeujenga upya alikuwa fundi Mkristo aliyeoa kijijini hapo, wala hakutaka malipo.

Nilimpa alama 7 kati ya 20. Pembeni niliandika yale maneno yangu.

Alikuja ofisini. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, mimi sikuandika habari za aliyezikwa. Niliandika habari za wanaokwenda."

Nilimjibu, "Rudi ukasome swali." Akaniamkia tena, akatoka. Hakuwahi kuniandikia insha nyingine yenye kurasa tisa. Aliniandikia kurasa mbili mbili, zenye tarehe na majina ya magavana, nami nikampa alama nzuri.

Chuoni petu, mitihani na insha za zamani zilichomwa kila baada ya miaka miwili katika shimo lililokuwa nyuma ya jiko. Mimi ndiye niliyesimamia. Sikumbuki kuiona ile ikiungua, lakini haikuwa na njia nyingine ya kutoka.

Mwaka 2016 nilipata safari ya upande ule, nikaomba tusimame. Bahari imeumega ufuo vibaya. Mkwaju haupo. Vijana niliowakuta wakitengeneza nyavu waliniambia hawajapata kusikia habari za kaburi lo lote. Bibi wa kufagia alikwisha fariki zamani, na mwanafunzi wangu naye ametangulia mbele ya haki. Nilisimama pale kama nusu saa nikitazama maji. Kurasa tisa zilikuwa zimeandikwa na mtu aliyepaona, tena kwa uangalifu kuliko Benjamin, na niliyezichoma ni mimi, nikiwa na kibali cha ofisi. Watu wa Fustat waliwahifadhi watoto wao waliokuwa wakijifunza alfabeti. Mimi sikumhifadhi mtu mzima aliyekwisha jua kuandika.

Sisemi kwamba ushahidi hauna maana. Mwalimu akiacha kuuliza swali lile, watoto wataamini kila kitu, nao watadanganywa na kila mjanja. Ninachosema ni kwamba swali langu lilikuwa moja, na mahali patakatifu pana maswali mawili. La kwanza linamhusu aliyelala chini, na aghalabu halijibiki. La pili linawahusu walio juu: nani anafagia, nani analeta mafuta, nani ameshika ufunguo wa mwenzake. Hilo hujibika, lakini hujibika kwa muda mfupi tu, wakati wahusika wangali hai na karatasi haijachomwa.

Sinagogi la Ben Ezra lilifunguliwa tena mwaka 2023 baada ya kutengenezwa. Miguu yangu haitanifikisha huko mara ya pili. Ila wapo katika usharika wetu wanaojiandaa kwa safari, nao huja kuniuliza wasome nini. Nawaambia wamsome Benjamin, wavumilie ukavu wake, na wakifika katika sinagogi, kanisa au kaburi lo lote, wamtafute mzee anayekaa mlangoni, wamsalimu, wamuulize ameanza lini kazi hiyo na aliipokea kwa nani. Kisha waandike.

Ama insha ile, leo ningeipa 17. Alama tatu ningezizuia, kwa kuwa kijana hakutaja umbali kutoka barabarani hadi kwenye mkwaju. Angeutaja, ningejua siku ile nilikuwa nimesimama mahali penyewe au la.